Nankatai Ilivyofika Jikoni Kwetu

Idi ikikaribia Mombasa, na Diwali ikikaribia Ngara na Parklands, kuna biskuti moja ambayo lazima irudi mezani: nankatai. Ni ya mviringo, rangi yake kama mchanga, juu imepasukapasuka, na ukiiuma inamomonyoka kabla hujaanza kutafuna. Haina yai wala tone la maji. Ni unga, samli, sukari, iliki na kungumanga kidogo, basi. Ukiuliza ni chakula cha nani, Mswahili atakwambia ni cha kwao, na Mhindi naye atakwambia vivyo hivyo. Mimi naona tuanze na oveni, manake biskuti haijiiviki yenyewe.

Tuende Surat, bandari ya Gujarat, India. Kampuni ya biashara ya Waholanzi, VOC, iliundwa mwaka 1602, na miaka michache baadaye ikafungua kituo chake hapo. Hadithi inayosimuliwa Surat mpaka leo ni kwamba Waholanzi walikuwa na tanuri la kuokea mikate yao, wakaajiri Waparsi kuwasaidia. Waparsi ni jamii yenye asili ya Uajemi iliyokuwa imehamia India karne nyingi kabla. Waholanzi walipofunga virago, tanuri likabaki mikononi mwa Mparsi mmoja wa ukoo wa Dotivala. Wateja wa Kizungu wakaadimika. Wenyeji wengi nao hawakutaka ule mkate, kwa kuwa ulikuwa na mayai na uliumuliwa kwa tembo, hiyo pombe ya kugema. Sasa mwokaji afanye nini? Akatoa mayai, akatoa tembo, akaweka samli na viungo wanavyovipenda watu wa pale. Nankatai ikazaliwa.

Hadithi tamu, lakini ina mashimo. Wapo wanaoirudisha nyuma mpaka karne ya 16, ilhali VOC yenyewe haikuwa imezaliwa. Duka la ukoo wa Dotivala huhesabu umri wake kuanzia 1861, na kwa mkataba wa 1824 Waholanzi walishakubali kuwaachia Waingereza vituo vyao vya India. Kwa hiyo sidhani ilitokea siku moja, kwa mtu mmoja. Ninachokiamini ni kile biskuti inachokisema yenyewe. Kuchanganya mafuta na unga mkavu, ukafinyanga, ukaoka polepole, huo ni ufundi wa Ulaya. Samli badala ya siagi, iliki, na kukosa yai ili hata asiyekula yai ale, hayo ni ya Gujarat. Neno "nan" nalo ni la Kiajemi, maana yake mkate.

Na tukitaja viungo, tusipite kungumanga kwa haraka. Zamani kungumanga ilitoka karibu yote katika visiwa vidogo vya Banda, ambavyo leo viko Indonesia. Mwaka 1621 VOC, ikiongozwa na Jan Pieterszoon Coen, ilivamia visiwa hivyo ili iishike biashara hiyo peke yake. Wenyeji waliuawa, wakafa njaa, wakauzwa utumwani, mpaka wakabaki wachache mno, na mashamba yao yakalimwa na watumwa walioletwa kutoka kwingine. Kampuni ile ile iliyofungua kituo Surat. Sisemi hivi ili uache kula. Nasema kwa sababu tunapenda sana kusimulia vyakula vya mchanganyiko kana kwamba watu wa pande mbili walikutana, wakapendana, wakabadilishana mapishi. Mara nyingi haikuwa hivyo.

Kuja kwetu hakukuhitaji Mzungu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi wameshatangulia. Katika karne ya 19 kampuni ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, ndiyo iliyokusanya ushuru wa forodha Unguja kwa niaba ya Seyyid Said. Kisha ikaja reli, 1896 hadi 1901, na vibarua zaidi ya elfu thelathini kutoka India, na nyuma yao wenye maduka. Chapati ilishuka hivyo, na neno gari pia. Nankatai ilikuja katika mkondo huo.

Lakini biskuti haivuki kutoka jiko moja kwenda jingine kwa meli. Inavuka kwa mtu. Nyumbani kwetu mtu huyo ni nyanya yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, akiwa msichana, alifanya kazi katika nyumba ya Wagujarati Mombasa. Alichekecha unga, akatwanga iliki, akasimama mbele ya oveni ya mama mwenye nyumba kila Diwali. Alizipika mamia kwa mamia. Chai yake lakini aliinywa nje, kwa kikombe chake cha bati kilichotundikwa msumarini peke yake, kisichanganyike na vyombo vya wenyewe. Mkono wake uliruhusiwa kukanda kile watakachokula, mdomo wake usiguse kikombe chao. Nyanya hulisimulia hilo bila kupandisha sauti, na mara hiyo hiyo atakwambia yule mama ndiye aliyemfundisha kupima kwa macho.

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana Waasia wasio raia. Mwanzoni mwa 1968 Uingereza nayo ikawa inaharakisha sheria ya kuwafungia mlango. Maelfu wakapanda ndege kabla haujafungwa. Familia ile ilikuwa miongoni mwao. Nyanya aliachiwa mshahara wa mwezi mmoja na sinia mbili. Oveni iliuzwa.

Basi akafanya walichofanya wanawake wengi wa Pwani: moto juu, moto chini. Sufuria pana, mchanga ndani, sinia juu ya mchanga, kifuniko cha bati, na makaa juu yake. Akaziuza Ramadhani kwa majirani Waislamu na Disemba kwa Wakristo wenzake. Karo ya mama yangu ilitoka humo.

Ukitaka kujaribu, hesabu yake ni hii. Vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vikubwa viwili vya suji, nusu kijiko kidogo cha beking pauda. Piga kikombe kimoja cha samli iliyoganda na kikombe kimoja cha sukari ya unga mpaka viwe vyeupe. Tia kijiko kidogo cha iliki iliyotwangwa na kungumanga ya kukwaruza kidogo tu. Changanya na ule unga, usikande kama chapati. Finya vidonge, bonyeza lozi katikati, oka kwa nyuzi 160 kama dakika 20. Zikitoka zitakuwa laini, usizishike. Zikipoa zitashikana zenyewe.

Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, na ni haki yao. Wengine wao hawajawahi kuwa na kwao kwingine. Ila wanawake kama nyanya hawakutangazwa popote. Ukoo wa Dotivala una jina lake dukani, Coen yumo vitabuni, na mwenye kikombe cha bati hayumo katika historia yoyote ya nankatai niliyowahi kusoma.

Kwa hivyo kama kwenu kuna mama au nyanya aliyewahi kufanya kazi jikoni kwa watu, muulize alijifunza nini huko, na kwa bei gani. Akikujibu, andika. Anza na jina lake.