Maumivu ya Mishipa ya Fahamu na Mabadiliko ya Mwaka 2004: Mtazamo Kutoka Kasese na Bwera

Jeraha likipona, tunatarajia maumivu nayo yaishe. Maumivu ya mishipa ya fahamu hayafuati kanuni hiyo. Mgonjwa huhisi nyayo zikiwaka moto usiku kucha ilhali ngozi haina hata mkwaruzo, na jirani humdhania mvivu au amerogwa. Insha hii inaeleza jinsi tiba ya maumivu sugu ilivyobadilika Uganda tangu 1993. Hoja yangu ni kwamba, kwa wilaya ya mpakani kama Kasese, swali la nani aruhusiwe kuandika dawa lilikuwa na uzito sawa na dawa yenyewe.

Mwaka 1993, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Unga wa mofini ulichanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa ya bei nafuu. Tatizo ni kwamba muuguzi hakuruhusiwa kuiandika, na madaktari vijijini walikuwa wachache. Kutoka Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe, hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 350.

Mwaka 2004 mambo mawili yalikutana. Serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya VVU. Nyingi zilikuwa na stavudini, iliyookoa maisha lakini ikadhuru mishipa ya fahamu ya baadhi ya wagonjwa, hasa miguuni. Mwaka huohuo, kanuni mpya ziliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Uganda ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuwapa wauguzi ruhusa hiyo. Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iachwe.

Hata hivyo, mofini si chaguo la kwanza kwa maumivu haya. Amitriptilini, dawa ya sonona tangu miaka ya 1960, huwatuliza baadhi ya wagonjwa ikinywewa usiku kwa dozi ndogo. Kwa hiyo faida kubwa ya mafunzo yale ni kumwezesha muuguzi kutofautisha maumivu.

Hapo lugha inaingia. Hakuna picha ya eksirei inayoonyesha maumivu haya. Ushahidi wa kwanza ni maneno ya mgonjwa. Hospitali ya Bwera hupokea pia wagonjwa kutoka Kongo, wengi wao wakizungumza Kiswahili. Muuguzi anayeelewa tofauti kati ya “panauma”, “panawaka” na “pana ganzi” ameshaanza kutibu.