Kaburi Lililofunguliwa na Kaburi Lililoachwa: Utalii na Uhifadhi wa Makaburi ya Wafalme wa China

Mtalii anayezuru makaburi ya nasaba ya Ming, kaskazini mwa Beijing, hukuta makaburi ya wafalme 13. Kati ya hayo, ni Dingling pekee ambalo vyumba vyake vya chini ya ardhi vimechimbuliwa. Humo alizikwa Mfalme Wanli, aliyefariki mwaka 1620, pamoja na malkia wawili. Wanaakiolojia walilichimba kuanzia mwaka 1956 hadi 1958, na mwaka uliofuata likawa makumbusho.

Gharama ya ufunguzi huo ilikuwa kubwa. Hariri zilizodumu gizani kwa zaidi ya karne tatu ziliharibika zilipokutana na hewa, kwa kuwa mbinu za kuzihifadhi zilikuwa duni. Majeneza ya asili yalitupwa. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Walinzi Wekundu waliichoma mifupa ya mfalme na malkia wake. Majeneza mekundu wanayoyaona wageni leo ni nakala tu.

Kinyume chake, kaburi la Qin Shi Huang karibu na Xi'an halijafunguliwa. Wageni huwatazama askari wa udongo, waliogunduliwa na wakulima mwaka 1974, ilhali kaburi lenyewe limebaki kilima. Hata askari hao walipoteza sehemu kubwa ya rangi zao baada ya kufukuliwa.

Ulinganisho huu unadhihirisha kwamba kuliacha kaburi bila kulichimba si kuipuuza historia. Kilima kisichoguswa kingali na ushahidi wake. Dingling imebaki na kumbi zake za mawe na sehemu tu ya hazina yake.