Domus: Nyumba, Ukoo na Uraia katika Fasihi ya Kirumi

Nomino ya Kilatini domus aghalabu hufasiriwa kuwa 'nyumba'. Fasiri hiyo ni sahihi ila haitoshelezi. Kwa Warumi, domus ilijumuisha jengo, watu waliokaa humo, watumwa wakiwemo, na hata ukoo wenyewe. Mwenye mamlaka nyumbani aliitwa dominus, neno litokanalo na shina lilo hilo. Jengo la vyumba vya kupangisha, walimoishi wakazi wengi wa Roma, liliitwa insula; kwa hivyo kumiliki domus mjini kulikuwa dalili ya cheo.

Sarufi nayo inatoa ushahidi. Domus ni miongoni mwa nomino chache zilizohifadhi umbo la mahali: domi humaanisha 'nyumbani', pasipo kihusishi. Jambo hili halimtatizi msomaji wa Kiswahili, ambaye anajua kwamba nyumba hujengwa, bali nyumbani hurejewa.

Uzito wa tofauti hiyo ulidhihirika mwaka 58 K.K., Cicero alipokwenda uhamishoni. Nyumba yake kwenye kilima cha Palatino ilibomolewa, na hasimu wake Clodius akaiweka sehemu ya kiwanja wakfu kwa Libertas, mungu wa kike wa uhuru. Hila hiyo ilikuwa na shabaha: mali ya miungu hairudishwi kwa mwanadamu. Aliporejea mwaka 57 K.K., Cicero aliwahutubia makuhani katika hotuba ijulikanayo kama De domo sua. Hakudai kuta peke yake. Alidai miungu ya jadi, mahali pa ibada ya ukoo na heshima ya raia; maadamu kiwanja kilibaki mikononi mwa hasimu, kurejea kwake kulikuwa nusu tu.

Makuhani waliamua kwamba, iwapo aliyeweka wakfu hakuidhinishwa waziwazi na umma, kiwanja kingeweza kurudishwa. Jengo lilikadiriwa fidia ya sesterti 2,000,000, ilhali mwenyewe alikuwa amelinunua kwa 3,500,000.

Kejeli ya kisa hiki ni kwamba jina la uhuru lilitumiwa kumnyima raia makao. Katika karne iliyofuata, domus Augusta likawa jina la ukoo uliotawala dola nzima. Neno lililokuwa kinga ya raia dhidi ya dola likageuka kuwa jina la dola yenyewe.