Tafadhali Nipigie

Nyumbani kwetu Kariobangi, simu ilikuwa na lugha yake na haikuhitaji mtu kuongea. Ikilia mara moja ikakatika, mama amefika Gikomba salama. Ikilia mara mbili, tushuke stage tumsaidie kubeba mzigo wa mitumba. Mara tatu ni shida: tafuta kredo popote, umpigie. Nilikuwa na miaka minane, tisa hivi, na kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na kabambe ya baba mdogo nihesabu milio. Siku moja, kwa ujuaji wa kitoto, nilipokea mlio wa kwanza. Nikasema "haloo" kwa sauti kubwa. Mama akakata papo hapo, lakini shilingi zilikuwa zimeshakwenda. Jioni niliulizwa swali ambalo mpaka leo sijapata jibu lake: ni mtu gani na akili zake anapokea flashi?

Sisi tuliita kuflashi. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, waliita kubipu. Mwaka 2007 mtafiti Mmarekani, Jonathan Donner, alichapisha makala nzima kuhusu kanuni za kubipu, nyingi akiwa amezikusanya kwa kuongea na watu Rwanda. Ukiisoma unacheka, kwa sababu ni mambo ambayo kila mtoto wa mtaa alikuwa anayajua bila kusoma popote. Mwenye pesa zaidi ndiye anayepiga. Demu unayemtongoza humflashi. Na mtu unayetaka akusaidie, bosi hasa, humflashi kabisa, utaonekana huna adabu.

Kwa kampuni za simu flashi ilikuwa maumivu ya kichwa. Ukipiga, mtandao unafanya kazi yote ngumu: unamtafuta mwenye namba yuko wapi, unafungua njia, unaiamsha simu yake ilie. Hesabu ya pesa inaanza pale tu anapopokea. Kwa hivyo mamilioni ya watu walikuwa wanautumia mtandao kutwa nzima kupeana habari, na kampuni haioni hata senti. Hakuna idara ya utafiti iliyobuni hiyo kitu. Iliundwa na watu wasio na salio.

Sasa twende Afrika Kusini, Novemba 2000. Ndani ya kampuni ya Vodacom kulikuwa na mhasibu mwanagenzi aitwaye Nkosana Makate. Mpenzi wake alikuwa mwanafunzi, anaishi mbali, na mara nyingi hana salio. Makate akaandika wazo lake kwenye karatasi: vipi kama mtu asiye na kitu kwenye simu angeweza kutuma ujumbe wa bure kumwomba mwenzake ampigie? Wazo likamfikia Philip Geissler, mkurugenzi aliyesimamia bidhaa mpya. Geissler akamwambia walijaribu kwanza, likifaulu watazungumza kuhusu mgao wake. Makate alitaka asilimia 15. Wakakubaliana kwamba wakishindwa kuelewana, mkurugenzi mkuu ndiye ataamua. Huduma ilizinduliwa Machi 2001, na jarida la ndani la kampuni likamtaja Makate kwa jina na kumshukuru.

Shukrani zikaishia hapo.

Niseme ukweli wote, maana hadithi hii hupenda kusimuliwa kama ya shujaa mmoja. Washindani wao, MTN, walikuwa wameshazindua huduma kama hiyo Januari 2001, na wao wana mtu wao, Ari Kahn, aliyeiombea hataza. Mimi sishangai. Wazo lilikuwa linazagaa mitaani. Kila aliyewahi kuflashi alikuwa ameshalifikiria nusu yake. Makate na Kahn walichofanya ni kuuchukua ujanja wa maskini na kuuandika kwa lugha ambayo kampuni inaielewa.

Na ni lugha gani hiyo? Hesabu. Ujumbe wa "tafadhali nipigie" haugharimu kampuni karibu chochote, lakini kila unaposababisha simu ya kweli, yule mwenye pesa analipa. Flashi iliyokuwa hasara ikageuka mbegu. Hata hapa kwetu tulikuja kupata yetu, Flashback ya Safaricom: unabonyeza nyota, 130, nyota, namba ya mtu, reli, basi. Mama hakuipenda. Alisema flashi ni yake mwenyewe, ile nyingine ni kuombaomba kupitia kwa wenye kampuni.

Lakini kuna sehemu ya hadithi inayonihusu mimi zaidi, kwa sababu ndiyo ninayokulia ugali, nikipata. Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160. Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa na taipureta yake mjini Bonn, akaandika sentensi za kawaida na maswali ya kawaida, akahesabu herufi. Karibu zote zikaingia ndani ya 160, na ndiyo namba iliyobaki. Sasa fikiria ujumbe wa nipigie. Maneno yenyewe pamoja na namba ya anayeomba hayazidi herufi 40 hivi. Zinabaki kama 120 tupu. Mtu fulani akaangalia ule utupu akaona kiwanja, na Afrika Kusini wakaanza kukiuza. Ukiombwa kupiga simu, chini ya ombi kuna tangazo.

Hapo ndipo naona mwanzo wa dunia tunayoishi sasa, mapema kuliko inavyosimuliwa. Facebook ilikuwa bado haijazaliwa nipigie ilipoanza. Hakukuwa na intaneti kwenye simu hizo, hakukuwa na picha, kulikuwa na kijana asiye na salio na nafasi tupu chini ya shida yake. Tangazo lilikuwa linamfikia mtu akiwa na simu mkononi, macho yamefunguka, kwa sababu ujumbe umetoka kwa mtu anayempenda. Hakuna bango la Thika Road linalopata umakini wa aina hiyo.

Nafasi hiyo haikuuzwa kwa wauza sabuni peke yao. Mwaka 2008 ulianza mradi uitwao Masiluleke, uliopewa nafasi ya jumbe milioni moja hivi kwa siku. Zile herufi tupu zikajazwa maneno ya kumshawishi mtu apige simu ya bure apate ushauri kuhusu virusi vya ukimwi. Simu zilizoingia kwenye kituo cha msaada ziliongezeka karibu mara tatu. Mimi mwandishi wa matangazo nikisoma hiyo nasimamisha kazi kidogo. Maneno ya herufi 120, na mtu mahali fulani akaenda kupimwa.

Nilianza kufuatilia haya yote kwa hasira, si kwa usomi. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo iliposhinda nyumba nzima. Tangu hapo naandika: maelezo ya picha za Instagram, jumbe za ofa, maneno ya video za watu wanaojiita wabunifu wa maudhui. Mwaka juzi kampuni moja ya matangazo iliniita kikao cha siku moja cha kutafuta mawazo. Mteja wao alikuwa na programu ya kuweka akiba. Nikawaambia, acheni kuongea kama benki. Ongeeni kama mama mweka hazina wa chama: yule anayekumbusha kwa upole Jumatatu, kwa ukali Jumatano, na Ijumaa anataja jina lako mbele ya watu. Chumba kizima kikacheka. Nilipewa chakula cha mchana na shilingi 2,000 kwenye M-Pesa, nikaambiwa tutawasiliana. Miezi mitano baadaye nikiwa kwenye matatu, mtu wa kiti cha mbele anatazama video kwa sauti, nikamsikia mama mweka hazina wangu. Alikuwa hadi na yale maneno ya Ijumaa.

Sikuwa na karatasi. Sikuwa na hata barua pepe. Niliyasema kwa mdomo, na mdomo hauna tarehe.

Makate alikuwa na karatasi, na bado. Aliwashtaki mwaka 2008. Julai 2014 Mahakama Kuu ikakubali kwamba makubaliano yalikuwepo, lakini ikasema Geissler hakuwa na mamlaka ya kuifunga kampuni, na isitoshe muda wa kudai ulikuwa umepita. Kati ya hapo, mkurugenzi mkuu wa zamani, Alan Knott-Craig, alikuwa ameandika katika kitabu cha maisha yake kwamba wazo lilimjia yeye, akiwatazama walinzi wakijaribu kuwasiliana. Mahakama haikuikubali hadithi hiyo. Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikampa Makate ushindi: kampuni ikae naye chini kwa nia njema, iamue atalipwa nini. Na nani ataamua wakishindwana? Mkurugenzi mkuu, kama walivyokubaliana mwaka 2000. Mwaka 2019 mkurugenzi mkuu, Shameel Joosub, akataja randi milioni 47, zaidi ya shilingi milioni 300 zetu. Makate akakataa.

Rafiki zangu nikiwasimulia hapa huwa wananitazama. Milioni mia tatu! Mimi mwenyewe ningekubali kabla sentensi haijaisha. Lakini Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema anastahili kati ya asilimia 5 na 7.5 ya mapato ya huduma hiyo. Kampuni ikapanda tena Mahakama ya Katiba, na Julai 2025 hukumu hiyo ikatupwa, kesi irudi kusikilizwa upya na majaji wengine. Novemba 2025 wakamalizana nje ya mahakama, na kiasi hakikutangazwa. Miaka 25 kamili tangu karatasi ile. Alipoliandika alikuwa kijana wa umri wangu.

Hizi si habari za jirani wa mbali tu. Mwaka 2017 Vodacom ilichukua karibu asilimia 35 ya Safaricom, kwa hivyo hata kredo ninayonunua kwa duka la hapa chini, kasehemu kake kanaelekea huko huko. Na biashara ya kuuza nafasi iliyo kando ya maneno yetu haijaisha. Waanzilishi wa WhatsApp waliapa hawataki matangazo kabisa. Mwaka 2014 Facebook ikainunua kwa takriban dola bilioni 19, na Juni 2025 ikatangazwa kwamba matangazo yataingia kwenye status. Mtu anaweka picha ya marehemu nyanyake, ukipitisha kidole, ofa ya viatu. Ni zile herufi 120 tena, zimevaa nguo mpya.

Baada ya kusoma hukumu ya 2016, usiku kucha, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, niliandikia ile kampuni iliyoniita kikao. Niliandika kwa heshima. Nikataja tarehe, waliokuwepo chumbani, nilichosema, na bei ninayotaka. Si asilimia 15, sijafika huko. Ni bei ya karo ya muhula mmoja. Niliwatumia kwa barua pepe na kwa WhatsApp pia, ili kuwe na alama.

Jumapili nilienda kwa mama. Siku hizi ana simu ya kupangusa na bando za wiki, na bado akifika kanisani ananiflashi mara moja. Akaniuliza kama wale watu wamejibu. Nikamwonyesha: tiki mbili za buluu, tangu Jumanne.

"Kwa hivyo wamesoma."

"Wamesoma, mama."

Akafikiria kidogo, akarudishia sufuria kifuniko.

"Basi waflashi."