Mwaka Kogwa na hesabu ya upepo

Mgeni anayefika Makunduchi, kusini mwa Unguja, Julai inapoelekea ukingoni, huwaona wanaume wa pande mbili za mji wakitandikana kwa migomba, kibanda cha makuti kikitiwa moto na aliyekuwa ndani akichomoka mbio, wanawake waliopendeza wakiimba, na kila nyumba ikitaka mgeni wa kumlisha. Akirudi kwao husema ameona ngoma. Mimi nashikilia kwamba ameshuhudia siku ya kwanza ya kalenda ya kazi. Kalenda hiyo iliongoza uvuvi, safari za majahazi na kilimo cha pwani hii, na asiyeijua hataielewa sherehe yenyewe.

Tuanze na haja ya mvuvi. Mwezi humpa habari za maji: bamvua limeanza, au maji ni mafu, na miamba itakauka saa ngapi ili watu washuke kutafuta pweza. Habari za upepo mwezi hauna. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na kwa sababu hiyo Ramadhani huangukia kaskazi kwa miaka kadhaa, kisha ikahamia kusi. Anayetaka kujua bahari itachafuka lini, au mvua za masika zimebakiza siku ngapi, anahitaji mwaka unaolifuata jua. Huo ndio mwaka wa nairuzi: siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumikumi, na siku tano za ziada. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15, alitaja misimu ya kusafiri kwa idadi ya siku tangu nairuzi. Mvuvi wa Makunduchi amerithi elimu ya bahari nzima.

Wapo wanaoiona hesabu hii kuwa mila ya Waajemi wa kale, isiyowastahili Waislamu. Asili ya hesabu hiyo ni Uajemi kweli, na wenyeji hujinasibisha na Shirazi. Lakini Iran yenyewe husherehekea mwaka mpya mwezi Machi, kwa kuwa kalenda yake ilirekebishwa mwaka 1079 na kufungwa kwenye mlingano wa usiku na mchana. Mabaharia waliendelea na mwaka wa siku 365 usioongezwa siku, na Waparsi wengi wa India, ambao mwaka wao huanza Agosti, vilevile. Kilichovuka bahari ni hesabu. Watu wa pwani hawakuitumia kufungia saumu wala kusalia Idi. Ibada waliiachia mwezi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mwaka usioongezwa siku hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, basi utaaminikaje kwa majira? Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha 1870, aliandika kwamba Siku ya Mwaka iliangukia mwishoni mwa Agosti. Watu walioga baharini usiku au alfajiri, wakapika nafaka na kunde chungu kimoja na kuwagawia waliofika, wakazima moto wa mekoni na kuuwasha upya kwa kupekecha vijiti. Siku hizi huangukia takriban tarehe 23 au 24 Julai, na tofauti hiyo ni ile hasa inayotarajiwa kwa hesabu. Kosa lipo, ila ni dogo kwa mwenye kazi. Katika miaka 20 ya uvuvi ni siku tano tu, na pepo zenyewe huchelewa au huwahi zaidi ya hapo. Baba alimpa mwanawe idadi ya miongo, na mwana akairekebisha kwa macho yake.

Ndiyo maana napinga wazo lolote la kuifunga sherehe kwenye tarehe moja ili watalii wapange safari mapema. Kuhama kwake ndiko kunakothibitisha kwamba bado inahesabiwa. Miongo yenyewe imo vichwani mwa wazee wachache, na inapasa iandikwe sasa, kila mwongo na upepo wake, samaki wake na mbegu zake. Mtoto atakayezaliwa Makunduchi mwaka huu, hesabu ikiachwa iende, atauoga mwaka wake wa 60 mapema mwezi Julai.