Sayansi ya tiba si njia ya mkato ya kuwa daktari

KILA matokeo ya KCSE yanapotangazwa, huwa kuna watahiniwa waliofanya vyema katika masomo ya sayansi lakini wakakosa alama chache tu za kuwawezesha kusomea udaktari. Wengi wao hushauriwa wachukue shahada ya sayansi ya tiba, kwa matumaini kwamba baadaye watahamia udaktari. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila haujakamilika.

Sayansi ya tiba ni elimu inayochunguza mwili wa binadamu na maradhi yake. Mwanafunzi hufunzwa anatomia, yaani umbo la mwili, fiziolojia, yaani jinsi viungo vinavyofanya kazi, biokemia, elimu ya vijidudu, na namna dawa zinavyoathiri mwili. Masomo hayo ndiyo pia msingi wa miaka ya mwanzo ya udaktari.

Njia hizi mbili hutengana wodini. Mwanafunzi wa udaktari huendelea kujifunza kumhoji mgonjwa, kumpima, kutambua maradhi na kuyatibu. Aliyehitimu sayansi ya tiba hana idhini ya kutibu. Nafasi yake hasa ni katika utafiti, maabara au kufundisha, na hata kazi ya maabara ya hospitali huhitaji usajili wa bodi inayohusika.

Nchini Kenya, shahada ya udaktari huchukua miaka 6, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Wanaotoka sekondari hushindania nafasi kupitia KUCCPS, asasi inayowateua wanafunzi wa kujiunga na vyuo. Alama za Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, pamoja na lugha, ndizo hupewa uzito.

Mwenye shahada ya kwanza huomba nafasi chuoni kwenyewe, na aghalabu huanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka sekondari. Isitoshe, shahada hiyo haifuti alama zake za KCSE, kwani vyuo bado huzitazama. Basi aliyesomea sayansi ya tiba kwa miaka 4 atakuwa ametumia miaka 11 kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi bila kusimamiwa. Kwa mzazi aliyeuza shamba ili kulipa karo, tofauti hiyo si ndogo.

Mataifa mengine yana mpangilio tofauti. Marekani, mwanafunzi kwa kawaida hupata shahada ya kwanza ndipo asomee udaktari kwa miaka 4. Uingereza, baadhi ya vyuo vina kozi ya miaka 4 kwa wenye shahada. Hapa kwetu, njia kuu ni ile ya moja kwa moja kutoka sekondari.

Anayetamani hasa kuwahudumia wagonjwa ana njia nyingine iliyo karibu zaidi. Stashahada ya utabibu, inayotolewa na KMTC miongoni mwa vyuo vingine, huchukua miaka 3 na kufuatwa na utarajali. Matabibu hupima na kutibu wagonjwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017 inayosimamia taaluma yao, na baadhi yao hurudi chuoni baadaye kusomea udaktari.

Kabla ya kulipa karo, mwanafunzi na mzazi wanapaswa kuuliza maswali manne. Je, kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Je, mhitimu atasajiliwa na bodi gani? Je, chuo cha udaktari anachokilenga hupokea wenye shahada hiyo, na huwaanzisha mwaka gani? Je, jumla ya karo ni kiasi gani? Majibu yatolewe kwa maandishi.

Sayansi ya tiba ni taaluma yenye heshima yake. Anayeichagua kwa kuipenda hatajuta hata asipoupata udaktari. Anayeichukua kama daraja tu, na ahakikishe kwanza kwamba upande wa pili kuna nchi kavu.