Ugali Mweupe Si wa Babu Zetu

Juzi niliweka picha ya ugali wangu wa wimbi, jamaa mmoja akaniandikia: "Buda, hata wewe umeanza uzungu? Kula ugali wa kawaida kama Mwafrika." Nilicheka, halafu nikaona hapana, hii lazima niijibu vizuri. Hii hadithi ya ugali wetu tumeishika miguu juu, kichwa chini.

Mahindi si ya huku. Yalitoka Mexico, na Wareno wakayaleta pwani yetu miaka ya 1500. Huku bara, watu waliendelea kula wimbi, mtama na mawele, nafaka zilizoanzia Afrika hii hii. Kilichogeuza sahani yetu ni ukoloni.

Ushawahi kujiuliza Kariakor, hapa Nairobi, ilipata wapi jina? Ni Carrier Corps. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walichukua vijana, wengi kwa nguvu, wabebe mizigo ya jeshi hadi upande wa Wajerumani, Tanganyika. Posho yao kubwa ilikuwa unga wa mahindi. Wengi hawakuwa wameuzoea, na mara nyingi ulipikwa haraka haraka bila kuiva. Kuhara damu kuliua watu wengi sana. Hao walikuwa vijana wa umri wako na wangu.

Vita vikaisha, mahindi yakabaki. Masetla walilisha wafanyakazi wao mahindi kwa sababu yalikuwa rahisi, na posho ikawa sehemu ya malipo. Ndiyo maana hadi leo tunaenda "posho mill". Na weupe je? Masetla walikuwa wanauza mahindi Uingereza, na soko la huko la wanga lilitaka mahindi meupe ya rangi moja. Mwaka wa 1964 Kitale wakatoa mahindi chotara yaliyozaa sana, wakulima wadogo wakayapenda, na wimbi likasukumwa pembeni ya shamba. Likawa chakula cha wazee na uji wa mtoto.

Halafu tukaongeza kosa letu wenyewe: kukoboa. Ule unga mweupe laini umetolewa maganda na kiini, na hapo ndipo nyuzinyuzi, mafuta na vitamini nyingi hukaa. Tangu 2012 sheria inataka wasagaji waongeze vitamini na madini kwenye unga wa pakiti. Yaani tunatoa, halafu tunarudisha kiasi. Wimbi nalo, pamoja na maganda yake, lina kalisiamu zaidi ya mara kumi ya mahindi.

Mbona najali? Nilipoacha chuo niliishi kwa bedsita nikila ugali mweupe, chipsi na soda. Siku moja nikiwa katikati ya kurekodi video, kizunguzungu kikanishika, nikajikuta nimeketi sakafuni. Kliniki wakapima: damu iko chini. Wakanipa vidonge, wakaniambia nile mboga za kijani na maharagwe.

Jioni nikampigia Dani, nyanya yangu, kule Siaya. Hakuuliza kuhusu vidonge. Aliuliza, "Unakula kuon ya rangi gani?" Nikanyamaza. Nilikumbuka vile, nikiwa mdogo, binamu zetu wa Nairobi wakija niliona aibu Dani akileta ugali wa kahawia na osuga, yaani managu. Nilimwomba apike "ugali mzuri". Alipika, na hakusema kitu.

Sikuambii utupe mahindi. Wimbi ni ghali kuliko unga wa kawaida, na mimi pia nahesabu mia mia. Mimi huchanganya: nusu wimbi, nusu mahindi yasiyokobolewa kutoka posho mill. Asubuhi nakunywa uji badala ya soda na mandazi. Managu au terere mama mboga anazo, na ukimwomba anakukatia. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga hizi, ambazo wengi waliziita magugu, zina lishe ya maana.

Kwa hivyo, buda, nikila wimbi sijaanza uzungu. Mweupe ndio uliletwa na posho. Mwezi ujao naenda Siaya, na safari hii nitamwomba Dani apike ule wa kahawia.